Mgodi wa Mbao

Siku Reuben Tillery alipokutana na Aldona Matulis, alikuwa amesimama mahali asipostahili kusimama, na wala hakuwa na habari.

Ilikuwa Jumapili ya Julai, katika miaka ya tisini, na bustani ya burudani ya Haldane ilikuwa imefurika watu kutoka miji yote ya makaa ya mawe ya Pennsylvania. Bembea zilipaa, farasi wa mbao walizunguka, na kibanda cha kanisa kilikuwa kikikaanga chapati za viazi kwa vitunguu, harufu ikiwavuta watu kama kamba. Foleni ilikuwa ndefu. Reuben, kijana mrefu wa Florida mwenye shati jeupe lililonyooshwa kwa pasi na futi ya chuma ikining'inia kiunoni, alikuwa amekaza macho kwenye paa la jengo jeusi lililo ng'ambo ya njia. Akitazama paa, miguu yake ikamfikisha mezani, akaomba chapati mbili.

"Wewe mlingoti!" sauti ilimkata kutoka nyuma. "Sisi huku ni vivuli?"

Aligeuka. Akamwona mwanamke wa miaka thelathini hivi, mwenye ovaroli ya buluu ya waendesha mitambo wa bustani, kitambaa chekundu kichwani, grisi nyeusi kwenye kifundo cha mkono, na macho ya kijivu yasiyocheka.

"Samahani, dada. Nilikuwa naangalia lile paa."

"Paa lina chapati?"

Watu wakaangua kicheko. Reuben naye akacheka, na hilo likamtia Aldona hasira zaidi.

"Halina chapati," alisema, "lakini naambiwa ndani lina mgodi. Bwana Haldane ameniita nije kuutengeneza upya."

Kicheko kikakatika. Foleni nzima ikamtazama yule mgeni kama watu wanavyomtazama dalali aliyesimama mbele ya nyumba yao.

"Chukua chapati zako," Aldona akasema polepole. "Mtu akija kuharibu kazi ya baba yangu, asije akasema kwetu alilala njaa."

"Sijaja kuharibu."

"Wote husema hivyo."

Reuben akamnyooshea sahani moja. "Basi kula hii, unitukane ukiwa umeshiba."

Aldona akaichukua. Akala yote, akapangusa vidole, kisha akamtukana.

Jengo lile watu wa pale waliliita Mgodi wa Mbao. Unaketi katika kigari kidogo kama vile vya makaa, reli inakuingiza gizani, unapita katikati ya wanaume wa mbao na plasta wanaochimba, wanaopiga nguzo, wanaokula chakula chao magotini, kila mmoja na taa kwenye kofia yake. Aliyewachonga alikuwa Vytas Matulis, seremala, baba yake Aldona. Alikuwa bado kijana wakati mto ulipopasua dari ya mgodi na kuwafunika wanaume tisa, Juozas baba yake akiwa mmojawao. Kampuni ya mgodi ilivuta maji kwa siku chache, ikasema gharama imezidi, ikaziba mdomo wa shimo kwa zege. Hakuna aliyezikwa. Wake zao walibaki wakitazama zege.

Vytas akamwendea mzee Haldane, baba wa huyu wa sasa, akaomba banda lililokuwa nyumba ya majini ya kutishia watoto. Akatoa majini, akaingiza wanaume tisa. Nyuso alizitoa kwenye picha zao za harusi. Tangu hapo, kila Jumapili ya kiangazi baada ya Misa, watu wa mji walipanda vile vigari, na walipompita kila mmoja walimwita kwa jina. "Habari ya kazi, Kazys!" "Petras, mkeo anakusalimu!" Lakini mbele ya mgeni walifunga midomo. Zamani mwandishi mmoja wa gazeti la mjini aliwasikia akaenda kuwaandika kama watu wanaoongea na midoli, na fedheha ile haikuwatoka. Mgeni akiwa kigarini, safari nzima ilikuwa kimya.

Ndiyo maana Reuben hakusikia kitu. Jumapili alipanda, watu wakanyamaza. Siku nyingine aliingia asubuhi pamoja na Aldona kabla lango halijafunguliwa, taa kubwa zimewashwa, kwa kuwa ilikuwa kazi yake Aldona kuitembea reli yote kwa miguu kila siku akikagua. Reuben alikuwa akimfuata nyuma akipima, na kila asubuhi walibishana.

"Reli hii imechoka," Reuben alisema.

"Wewe ndiye umechoka. Umeamka saa ngapi?"

"Sikulala. Nilikuwa nakuwaza."

"Ungeiwaza reli, ndiyo unayolipwa."

Lakini Reuben alikuwa na mikono mizuri ya kazi, na alikuwa msikivu. Na asubuhi moja alifika mbele ya sanamu ya mwisho, mzee mwenye masharubu mazito na nyusi zilizokunjamana, akasimama, akavua kofia, akainama kumtazama usoni kwa muda mrefu. Aldona alikuwa nyuma yake. Huyu anajua, aliwaza. Hakuna aliyemwambia, lakini anajua. Siku hiyohiyo, nyuma ya jumba la farasi wa mbao, alimruhusu ambusu, na grisi ikabaki kwenye shati jeupe.

Majira ya baridi yalipofika, Reuben aliwapakia wale wanaume tisa katika lori, akaenda nao karakana ya kampuni yake Florida. Mapenzi yakahamia kwenye simu.

"Halo, mlingoti."

"Halo, kaa langu la moto. Kwenu vipi?"

"Theluji imefika dirishani. Kwenu?"

"Nimevaa kaptura."

"Mshenzi wewe. Wazee wangu wanaendeleaje?"

"Wako hapa mezani wananitazama. Wananiogopesha kidogo, wanafanana na wewe ukikasirika."

Aldona alicheka mpaka shangazi yake, Biruta, aliyekaa naye, akagonga ukuta. "Sikiliza, Reuben. Nyuso usiziguse."

"Sigusi hata nyusi moja. Naapa. Nyuso zitakuwa zilezile. Ila watasimama, watapumua, watasikika. Bwana Haldane anataka abiria wawe na kitu cha kufanya mkononi, siku hizi watu hawataki kukaa tu na kutazama."

"Kitu gani mkononi?"

"Siri. Nataka wewe uwe wa kwanza kuona."

"Mimi nachukia siri."

"Hii utaipenda, mpenzi wangu. Nakuwekea roho yangu yote humo."

Na kweli aliiweka. Hilo ndilo lililokuja kuuma.

Mei, kabla msimu haujafunguliwa, Bwana Haldane aliwaalika wafanyakazi na jamaa zao kuujaribu mgodi mpya. Aldona alivaa gauni la kijani aliloshona mwenyewe, maana alidhani siku hiyo huenda ataulizwa swali ambalo mwanamke hapendi kuulizwa akiwa na ovaroli. Biruta, binti wa Juozas, mwenye miaka sabini na kitu, alivaa gauni la kanisani na pini ya kaharabu kifuani. Wakaketi kigari cha mbele. Mbele yao kulikuwa na bunduki mbili za plastiki zilizofungwa kwa waya.

"Hizi za nini?" Biruta akauliza.

"Za mwanga tu, Shangazi. Ni mchezo."

Reuben alikuwa kando ya mlango, uso ukimng'aa. Alimkonyeza Aldona. Kigari kikaingia gizani, na sauti nzito ikanguruma kutoka darini: "Mizimu ya mgodi imeamka! Ipigeni kabla haijawafikia!"

Upepo baridi uliwapuliza. Mbele, taa moja ndogo iliwaka juu gizani, ikaanza kuwasogelea, kwa mguno na mburuto wa buti. Aldona alicheka kwa msisimko kama wasichana wote wanavyocheka gizani, akainua bunduki, akalenga chini kidogo ya taa, akafyatua. Kengele ikalia. Taa ikazimika. Mmuliko mweupe ukapiga kwa nukta moja tu, na katika nukta hiyo aliona masharubu mazito, nyusi zilizokunjamana, mdomo uliopanuka kwa kilio, na mwili ukianguka chali. Mbele ya kigari, namba nyekundu ikawaka: alama mia.

Biruta hakupiga kelele. Alisema kwa sauti ya mtu anayeeleza tu kilichotokea.

"Aldona. Umempiga baba yangu."

Nyuma yao vigari vingine vilikuwa vinaingia, bunduki zikilia, vijana wakicheka. Kisha kicheko cha kigari kimoja kikakatika, na cha kingine, na mtu fulani gizani akaanza kuita, "Simamisheni! Simamisheni hiki kitu!"

Aldona alitoka nje akiwa ameshika mkono wa shangazi yake. Alimketisha kwenye benchi, akamwendea Reuben. Watu wakampisha.

"Nyuso ni zilezile," alimwambia. "Uliniapia. Nyuso zitakuwa zilezile."

"Ni zilezile, Aldona, sijagusa hata..."

"Laiti ungezigusa! Ungezikata kwa msumeno, ungeweka za mbwa, za majini, za mama yako! Yule ni babu yangu, Reuben! Wale ni watu! Wote tisa ni watu, wamo ndani ya shimo lile chini ya zege mpaka leo, na wewe umewatundikia alama vifuani ili watoto wa watu wawapige wakila lambalamba!"

Uso wa Reuben ulipauka. "Hukuniambia."

"Ulivua kofia! Ulisimama mbele yake ukavua kofia!"

Reuben alikuwa mtu mkweli, na ukweli wakati mwingine ni mbaya kuliko kofi.

"Kulikuwa na joto," alisema. "Niliona kazi nzuri, nikataka kuitazama vizuri. Na kulikuwa na joto."

Aldona alicheka kicheko ambacho hakuna aliyetaka kukisikia mara ya pili.

Bwana Haldane akaja akijipepea kwa kofia ya ukili. "Dada Aldona, punguza sauti. Ni sanamu tu. Matangazo yamekwishatoka redioni, bunduki ndizo hizo. Wageni wanataka kupiga kitu."

"Baba yako alikuwa mtu, Haldane," Biruta akasema kutoka kwenye benchi. "Wewe sijui walikuokota wapi."

"Bibi, mimi nakuheshimu..."

"Usiniheshimu. Ondoka mbele yangu, unanizibia upepo."

Aldona hakumtazama hata huyo tajiri. Macho yake yalikuwa kwa Reuben, yakiwaka.

"Unajua walifanya nini kule chini? Walikaa gizani wakingoja mtu aje na taa. Walikuwa wanagonga mabomba, watu huku juu waliwasikia. Wakangoja, wakangoja, hakuna aliyekwenda. Miaka yote hii hakuna aliyekwenda. Leo ninyi mmekwenda. Mmekwenda na bunduki!"

Alichomoa ufunguo wa mtambo mfukoni, akaufunga mgodi, akaondoka. Hakuna mwendesha mtambo mwingine aliyekubali kuufungua. Bwana Haldane aliwatishia kuwafukuza, wakamwambia afukuze. Aliwabembeleza, wakamwambia abembeleze farasi wake wa mbao. Wote walikuwa wa mji ule. Kila mmoja alikuwa na mtu wake mle ndani.

Simu ya nyumbani kwa Biruta ililia siku nzima kesho yake. Biruta mwenyewe aliipokea.

"Aldona hayupo."

"Namsikia akiosha vyombo, Bibi," Reuben alisema.

"Yupo, lakini hayupo. Wewe umekwenda shule, elewa." Akakata.

Aldona aliosha sufuria ileile mpaka mkono ukamuuma. Kilichomchoma si kwamba Reuben alikuwa mbaya. Angekuwa mbaya, angemfuta kama masizi. Kilichomchoma ni kidole chake mwenyewe. Ndicho kilichofyatua. Na alikuwa amecheka. Kila alipofikia hapo, hasira ilirudi kwa Reuben, maana mtu lazima aiweke mahali.

"Hukumwambia," Biruta alisema jioni moja, akimenya viazi.

"Shangazi, unamtetea?"

"Ningemtetea ningekuwa kichaa. Nasema hukumwambia. Sisi tumekaa na midomo iliyoshonwa, halafu tunashangaa wageni ni viziwi."

Aldona akasonya. Lakini aliacha kusugua sufuria.

Wiki iliyofuata simu ikalia tena, na safari hii ni yeye aliyekuwa karibu.

"Usikate," Reuben alisema haraka.

"Nakata."

"Nina swali la kazi. Moja tu."

"Uliza."

"Ndani ya mgodi, siku ile. Nani alikuwa karibu na mlango, na nani alikuwa mwisho kabisa? Niliwakuta katika banda wamepangwa kwa uzuri tu, jinsi baba yako alivyopenda. Nataka kuwapanga walivyokuwa."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu mtu akiingia na taa kuwatafuta, nataka awapate kwa mfuatano."

Akakata simu. Akasimama pale, mkono juu ya chombo cha simu, akipumua kama aliyepanda ngazi. Kisha akampigia.

"Zamu ile Kazys alipangwa wa kwanza, kwenye mlango wa pampu. Halafu Petras na nduguye. Babu alikuwa mwisho, ndiye aliyekuwa akigonga bomba. Shika kalamu, nakutajia wote. Na bado nimekukasirikia."

"Najua."

"Hujui. Utajua."

Kesho yake Aldona alimwachia ufunguo langoni, na Reuben alifanya kazi peke yake mle ndani mpaka shati jeupe likawa la kijivu. Alizikata bunduki midomo, akazigeuza kuwa kurunzi za wachimbaji. Vijicho vya kioo vilivyokuwa vikipokea mwanga wa bunduki alivitoa vifuani, akavipachika kwenye kofia. Mitambo ya upepo iliyokuwa ikiwaangusha aliigeuza kinyume, ili wanaume waanze wameinama gizani, na mwanga ukiwapata taa zao ziwake, wainue vichwa. Bwana Haldane alipiga kelele kwamba mchezo usio na alama si mchezo. Reuben akamwambia alama zipo: zinahesabu watu uliowapata. Kampuni yake Florida ikapiga simu kuuliza nani alimpa ruhusa ya kubadilisha kazi ya mteja. Akawaambia hakuna. Wakamwambia asirudi.

Mgodi ulifunguliwa Jumapili, baada ya Misa. Wenyeji walijipanga na nguo zao za kanisani, na katikati yao wageni wa Philadelphia na New Jersey na watoto wao, wasiojua chochote. Aldona alikuja na ovaroli. Hakumsalimu Reuben. Akampandisha Biruta, akaketi kando yake, na Reuben akajiingiza katika kigari cha nyuma pamoja na baba mmoja mgeni mwenye fulana ya besiboli.

Gizani kulikuwa na matone ya maji tu. Kisha, kutoka mbali, ngo, ngo, ngo, mtu akigonga bomba.

Kurunzi ya Biruta ikazunguka, ikagusa kofia. Taa ikawaka. Mwanamume akainua kichwa, plasta ya uso wake ikang'aa kama ngozi.

Hakuna aliyesema kitu. Wageni walikuwepo. Biruta akavuta pumzi, akaipasua desturi ya miaka arobaini kwa sauti ambayo ungeisikia kwenye bembea.

"Kazys! Tumekuja!"

Vigari vya nyuma vikalipuka. "Petras! Petras, inua kichwa!" "Jonas, ndugu yangu!" Yule baba mwenye fulana ya besiboli alimuuliza Reuben ni nini, Reuben akamwambia kwa maneno machache, na baada ya hapo yule mtu alikuwa akitafuta kwa kurunzi yake kama aliyepotelewa na mtoto. "Nane!" akapaza sauti. "Mmoja bado! Nani bado?"

Na giza lote likamjibu, "Juozas!"

Mwanga wa Biruta ulikuwa ukicheza ukutani bila kumpata. Aldona akanyoosha mkono kumsaidia.

"Niache," mzee alisema. "Wa kwangu huyu."

Mwanga ukapanda, ukashuka, ukapotea, ukapata. Taa ikawaka. Yale masharubu. Zile nyusi. Ngo ya bomba ikakoma, na mzee wa mbao akainua uso, akamtazama binti yake aliyekuwa amemzidi umri.

"Chakula kimepoa, baba," Biruta alisema. "Tulikungoja sana."

Nje, jua liliwapiga machoni. Biruta aliketi kwenye benchi akipangusa uso, akakataa maji, akakataa mkono, akakataa padri. Aldona alisimama pembeni, na Reuben akamkaribia kwa tahadhari, kama mtu anayekaribia jiko asilojua kama limezimwa.

"Wamenifukuza kazi," alisema.

"Ulitaka wakuvishe medali?"

"Basi la Florida linaondoka kesho asubuhi."

"Na wewe utakuwemo?"

"Inategemea wewe."

"Usinitegemee! Nimekukasirikia tangu Mei na sijafika hata nusu. Ulimuua babu yangu kwa kidole changu, Reuben. Umerekebisha, nimeona, nina macho. Lakini kidole ni hiki hapa, nalala nacho."

"Itachukua muda gani, kumaliza kukasirika?"

"Miaka."

"Basi nitahitaji kuwa karibu, usipate taabu ya kunitafuta."

Aldona akamkazia macho. "Unaniposa, au unatafuta chumba cha kupanga?"

"Nakuposa. Chumba pia sina."

Alitaka kumpiga. Mkono uliinuka kabisa, na ulipofika shavuni haukujua la kufanya, ukabaki pale. Reuben hakusogea. Alikuwa amekonda, na kucha zake zilikuwa nyeusi kama za mtu wa mji ule.

"Sikiliza nikwambie," Aldona alisema. "Hasira niliyoitumia kwako wewe ni nyingi mno. Sina nguvu za kuanza upya na mwanamume mwingine. Florida siendi. Na tukigombana, hutoki nje ya nyumba, tunagombana mpaka mwisho."

"Sitoki."

Akamshika mkono, si kwa upole, akamvuta mpaka kwenye benchi.

"Shangazi, huyu anataka kunioa."

Biruta alimtazama Reuben toka viatu hadi kichwani, na safari ile ilichukua muda, maana kijana alikuwa mrefu.

"Mimi sijamsamehe," alisema.

"Hata mimi," Aldona akajibu.

"Basi hatuna ugomvi." Mzee akasogea, akaacha nafasi kwenye benchi. "Keti, wewe. Harusi lini?"